Habu Iliyowahisha Ulanzi

Mzee Sosthenes Kalinga hajawahi kulewa. Nalisema hili mapema kwa sababu ni mtu aliyebeba ulanzi, ile pombe ya mianzi, kwa baiskeli karibu maisha yake yote ya utu uzima, na ukikutana naye kwenye barabara ya msituni, madumu mawili yananing'inia kwenye karia na la tatu limefungwa juu yake, utamhukumu kabla hujamsalimia. Wengi walifanya hivyo. Yeye aliwajibu wote kwa sentensi moja: "Nauza mtogwa, siuzi mkangafu."

Mtogwa ni ulanzi wa leo, mtamu, umedondoka kutoka kwenye mwanzi alfajiri, na hata mtoto anayejifunza kutembea hupewa. Mkangafu ni ulanzi huo huo baada ya kukaa, ukapanda povu na kuanza kuwafundisha watu maneno. Kati ya viwili hivyo hakuna zaidi ya saa chache na jua. Kwa wengine ni suala la ladha. Kwa Mzee Sosthenes ilikuwa ndiyo dini yenyewe.

Alikuwa na sababu. Baba yake alikuwa mlevi wa kuletwa nyumbani juu ya karia za watu, na kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, ambako wenzake waliweza kumtoa nje bila kusumbua ibada. Sosthenes naye alianzia benchi hilo hilo. Kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, akasogea mbele, mpaka akachaguliwa mzee wa kanisa na kukaa benchi la kwanza, upande wa dirisha. Kiapo chake kilikuwa kutoonja tena ulanzi ukishatoka shambani. Asubuhi anagema, anaonja tone moja, anamimina kwenye madumu yaliyosuuzwa kwa maji ya moto, anafunga safari. Rozalia, mkewe, husema madumu yale yameoga maji ya moto kuliko mwenye nayo.

Kijiji chao kiko nyuma ya msitu wa Sao Hill, na soko lake ni Mafinga. Kanisa letu liko pembezoni mwa mji huo, na wateja wake wakubwa walikuwa sisi, waumini wenzake.

Sasa niseme habari ya gurudumu. Baiskeli ile, kwenye gurudumu la nyuma, ilikuwa na habu yenye umri wa kutosha kuoa na kuolewa. Kwa asiyejua, habu ni kile kitovu cha chuma katikati ya gurudumu ambamo spoku zote huanzia. Ndani yake mna gololi zinazozunguka kwenye grisi. Gololi za Mzee Sosthenes hazikuwa tena za mviringo, na grisi ilishageuka udongo. Gurudumu lililia. Lilianza kulia kilimani likasikika bondeni. Akina mama waliosikia mlio ule waliinjika maharage, wakijua kwamba mpaka afike yatakuwa yameiva. Vijana wa viwanda vya mbao walimpigia kelele:

"Mzee, hiyo baiskeli inatubu dhambi gani?"

"Zenu," aliwajibu, akiendelea kusukuma.

Kwa mwendo huo alifika Mafinga jua likiwa utosini. Na ulanzi ulioondoka alfajiri ukiwa mtogwa, ukapigwa na jua, ukarushwarushwa kwenye mashimo ya malori ya mbao, ulifika na akili nyingine.

Mteja wa kwanza siku zote alikuwa Mama Esnath, mwenyekiti wa umoja wa wanawake. Alipokea kikombe kwa uso wa mkaguzi, akameza, akafumba macho. "Mtamu, baba. Mtogwa mtupu." Kisha akaagiza kingine, na kufikia alasiri alikuwa akicheka mwenyewe kwa mambo ya mwaka uliopita. Mwinjilisti Abrahamu alileta chupa ya chai ijazwe, akaingia nayo ofisini kuandaa mahubiri. Mahubiri ya katikati ya juma yalikuwa na uchangamfu ambao hata Wakatoliki wa jirani waliuonea wivu.

Wote walijua. Mtu mmoja tu hakujua, naye ndiye aliyeubeba. Alikuwa ameapa kutoonja, kwa hiyo aliamini ndimi za watu wa Mungu.

Mambo yakaharibika alipokuja mchungaji mgeni. Baada ya ibada ya kumkaribisha alipewa kikombe cha "juisi ya mianzi ya mzee wetu". Jua kali, ibada ilikuwa ndefu, akanywa vikombe vitatu. Alibariki chakula. Akabariki chakula mara ya pili. Alipotoka nje kupunga upepo akaibariki na baiskeli, akiwa ameishika usukani kama mtu anayeaga ndugu yake.

Siku chache baadaye baraza la wazee likakutana.

"Hatukujua," alisema Mwinjilisti Abrahamu, chupa yake ya chai ikiwa mezani mbele yake.

"Mtu unamwamini," alisema Mama Esnath kwa huzuni, "kumbe anatunywesha vitu."

Mzee Sosthenes alisimama. Ngozi ya uso wake ilikuwa imebadilika rangi. "Lakini kila siku mnaniambia mtamu. Mama Esnath, juzi umesema mtogwa mtupu."

Mama Esnath aliangalia dari, ambako kulikuwa na utando wa buibui uliohitaji uangalizi wa haraka.

Uamuzi ukatolewa. Sherehe ya kipaimara ilikuwa karibu. Mzee Sosthenes angeleta ulanzi wa sherehe, na mchungaji mwenyewe angeuonja wa kwanza. Ukiwa mtogwa, yamekwisha. Ukiwa mkangafu, arudi benchi la mwisho, karibu na mlango. Hapakuwa na mzee asiyejua ni nani aliyewahi kukaa benchi lile.

Mwingine angewageuzia kibao. Mzee Sosthenes alikwenda nyumbani akatafuta kosa lake. Mianzi ilikuwa safi, madumu safi. Kilichobaki ni muda wa njiani, na muda wa njiani ulikuwa unaliwa na kitu kinacholia. Akaisukuma baiskeli hadi kwa fundi Vitus, penye kibanda cha mabanzi karibu na stendi.

"Fundi, nataka gurudumu litakalonifikisha kabla ulanzi haujabadilika."

"Mzee, wenzako huniomba gurudumu la kufika mjini. Wewe unaomba la kufika mbinguni." Vitus alifungua habu ya zamani, akamwaga gololi kiganjani. Zilitoka kama mtama uliochomwa. "Hapa hakuna kupaka grisi. Tunasuka upya. Chagua habu."

Akaweka mbili juu ya gunia. Ya kwanza ilikuwa mpya, bado na karatasi yake, inang'aa mpaka unajiona ndevu. Mzee Sosthenes aliishika kwa heshima.

"Bwana harusi huyo," alisema Vitus. "Angalia ukingo huu zinapopita spoku. Ni bati. Kwa mtu anayeendea kwaya, sawa. Kwa madumu yako na mashimo yale, ukingo utachanika na spoku zitasimama kama miba ya nungunungu."

Ya pili ilikuwa nene, nzito, ya kutu kidogo. Breki yake iko humo humo ndani. Unakanyaga pedali kinyumenyume, gurudumu linashika.

"Hii haivunjiki," alisema Mzee Sosthenes akiipima kwa mkono.

"Haivunjiki. Lakini ule mteremko wa kutoka msituni, na mzigo ule, utaishika breki toka juu hadi chini. Itapata moto hadi grisi ichuruzike. Na madumu yako yananing'inia kando yake kabisa. Utakuwa umeuweka ulanzi jikoni."

Wakati huo Mwinjilisti Abrahamu alipita, akasimama, akaelekeza kidole kwenye ile inayong'aa. "Hiyo. Mchungaji ataiona toka mbali." Baada yake akapita Mama Esnath, akaiangalia habu iliyokufa kwa macho ya mtu anayeaga mgonjwa. "Baba, hii ya zamani ina kosa gani? Tumeizoea. Siku hizi watu wanabadilisha vitu hovyo tu."

Vitus alisubiri waondoke. "Kuna aina ya tatu, ila sina. Nenda Mbeya, soko la Mwanjelwa, umwulize Junaid. Anafungua baiskeli za mtumba za Ulaya. Habu zao beringi imefungwa ndani, vumbi haliingii. Ila hesabu matundu, mzee. Ringi yako ya nyuma ina matundu arobaini. Wao wengi hutoboa thelathini na sita."

Mbuzi aliyekuwa akiingojea Krismasi akauzwa mapema, na Mzee Sosthenes akapanda basi la Mbeya. Njia nzima aliishika ile habu ya zamani ndani ya mfuko, kwa ajili ya kulinganisha. Pale Igawa, wauza mahindi walipoinua beseni zao dirishani, mmoja alimwuliza amebeba nini kwa uangalifu hivyo. Akajibu, "Kesi yangu."

Junaid alikuwa kijana wa familia ya wafanyabiashara waliotoka pwani zamani; alikaa katikati ya fremu, pedali na cheni zilizotundikwa kama utumbo buchani. Alimpa kigoda, akampa na habu mbili za beringi.

"Hii, mzee wangu, ilikuwa ya mashindano. Zungusha."

Ilikuwa nyepesi kama ganda la yai. Mzee Sosthenes alishika ekseli, akaizungusha kwa kidole, nayo ikazunguka mpaka wakaanza kuzungumza mambo mengine. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu baraza likutane. Kisha akachungulia upande wa ekseli akaona mwanga upande wa pili.

"Ekseli yake ni bomba tupu."

"Ndiyo wepesi wenyewe huo."

"Na hii nyingine?"

"Hiyo? Ya baiskeli ya kusambaza barua. Chuma. Haizunguki kwa madaha."

Mzee Sosthenes aliizungusha. Ilisimama upesi kuliko mwenzake. Akaizungusha tena, akaiweka sikioni.

"Mzee wangu, hiyo siyo simu."

"Nasikiliza."

"Inasemaje?"

"Haisemi kitu." Akaitikisa juu, chini, kushoto, ekseli haikucheza hata kidogo. Ile ya mashindano aliitikisa pia, nayo ikacheza kwa mbali sana, kama jino la mtoto. "Hii imebeba mizigo ya watu ikanyamaza. Naichukua hii." Kisha akapitisha kidole kwenye matundu, akihesabu kwa sauti ya chini. "Thelathini na sita."

"Matundu manne tu, mzee wangu, hayana neno."

"Manne hayo ndiyo yatakayobaki wazi kwenye ringi yangu. Nipe na ringi yake."

Junaid alicheka, akashusha ringi kutoka darini. "Wateja wa namna yako wakizidi nitafunga duka."

Vitus alisuka gurudumu siku nzima, spoku moja moja, akilizungusha na kulisikiliza, huku Mzee Sosthenes amekaa mbele yake kama anayesubiri nje ya chumba cha upasuaji. Jioni ile habu ya zamani ilirudi nyumbani mfukoni, na baiskeli ikarudi bila sauti. Rozalia aligeuka akamkuta mumewe amesimama nyuma yake. "Yesu wangu! Umeshuka na nini?"

Siku ya kipaimara Mzee Sosthenes alifika kanisani kabla ya kengele ya kwanza. Umande ulikuwa haujakauka kwenye madumu. Mchungaji alionja kwanza, kwa woga, kisha akanyanyua uso. "Huu ni kama asali. Mzee Sosthenes, Mungu akubariki." Watu walipiga makofi. Mzee alikaa benchi la kwanza, upande wa dirisha, akifuta macho kwa ukosi wa koti.

Ibada ilipokwisha vikombe vikajazwa. Nilikuwepo. Nimehudhuria misiba yenye furaha zaidi ya sherehe ile. Watu walikunywa, wakatazama ndani ya vikombe, wakatazamana. Kwaya iliimba wimbo mmoja ikakaa. Wajomba, ambao kila mwaka hucheza mpaka viatu vinatafutwa, walizungumzia bei ya mbolea. Mama Esnath alipokezwa kikombe cha pili akasema ana sukari. Mchana haujafika, watoto wa kipaimara walikuwa wameachwa peke yao na keki.

Kuanzia hapo wateja wakaanza kupungua. Mmoja alisema tumbo, mwingine alisema mfungo. Mwinjilisti alianza kuweka chai kwenye chupa ya chai. Mzee Sosthenes alirudi na madumu yaliyojaa, akamwuliza mkewe kama mianzi ina ugonjwa. Rozalia alikuwa amenyamaza miaka mingi. Siku hiyo alichoka.

"Mianzi haina ugonjwa, baba. Wanataka ule uliokuwa unafika mchana. Walikuwa wanakunywa mkangafu kwa jina lako. Wewe ulikuwa kitambaa cha kufunikia dumu."

Mzee Sosthenes aliyashusha madumu moja moja. "Wote?"

"Mchungaji mgeni hakujua. Na wewe."

Baraza likakutana tena. Mimi nasema hivi: ukitaka kujua ujasiri wa watu wetu, wape jambo la wazi uone watakavyolizunguka. Hakuna aliyetamka neno ulanzi. Kosa jipya la Mzee Sosthenes lilikuwa majivuno.

"Anapita watu njiani hasalimii," alisema Mwinjilisti Abrahamu. "Zamani tulimsikia toka mbali, tunatoka, anashuka kwenye baiskeli, 'Kamwene', 'Kamwene', tunaulizana watoto, mifugo, mahindi. Sasa anapita kama mwizi."

"Nashuka kwa kila ninayemwona," alisema Mzee Sosthenes. "Asubuhi ile mnakuwa mmelala."

"Ndilo hilo," alisema Mama Esnath kwa upole mwingi. "Unawahi mno, baba. Mzee wa kanisa haendi mbio. Rudisha tu ile habu yako ya zamani, tukusikie ukija, nasi tutaendelea kukuona pale dirishani." Na wengine wakaitikia kwa vichwa, kwa upendo kabisa.

Mpango ulikuwa mbele yake sasa, umekunjwa vizuri: habu mbovu na benchi la mbele, au habu nzima na mlango. Alisema atawajibu Jumapili.

Jumapili hiyo ilikuwa ya mavuno. Kwetu, sadaka ya mavuno huletwa mbele: mahindi, kuku, mayai, mkungu wa ndizi, na baada ya ibada vitu hivyo hupigwa mnada nje ya kanisa. Mzee Sosthenes alileta debe la mahindi na kitu kilichofungwa kwa gazeti. Mnadishaji alikuwa Mwinjilisti Abrahamu, mwenye mdomo wa kuuza hata upepo. Aliuza kuku, akauza ndizi, akafungua gazeti, akalifunga tena upesi.

"Nini hiyo?" watu wakauliza nyuma.

"Habu," alisema Mwinjilisti kwa sauti ya chini. "Mbovu."

Mzee Sosthenes alisogea mbele. Hakupandisha sauti. "Si mbovu kwa wote. Hiyo ndiyo iliyokuwa inaivisha ulanzi wenu kati ya kijijini na hapa. Nimemtolea Mungu, lakini naona wapo wanaoihitaji kuliko Yeye. Mimi nitaendelea kufika asubuhi. Anayetaka mkangafu ainunue hiyo, autaje kwa jina lake, asiuite mtogwa."

Mchungaji alitazama huku na huku akisubiri kufafanuliwa. Hakuna aliyekuwa tayari. Mwinjilisti, kwa mazoea ya kazi, alitaka kusema "bei ya kwanza", akaishia kwenye "bei".

Ndipo Mama Esnath akainua mkono.

"Leta."

"Mama?" alisema Mwinjilisti.

"Leta hiyo habu, Abrahamu. Mimi napenda mkangafu. Nimeupenda toka nikiwa msichana. Mtogwa unanichefua." Alipumua kama mtu aliyevua viatu vya kubana. "Na wewe usinitolee macho, hiyo chupa yako ya chai ilikuwa inatoa povu mpaka kifuniko kinaruka."

Kicheko kilianzia kwa vijana wa kwaya kikafika kwa wazee. Hata Mzee Sosthenes alicheka, amejishika ubavu. Mtu wa pili akaongeza bei, mzaha tu, na wa tatu, na Mama Esnath akawashinda wote, akaondoka na habu ndani ya kitenge kama kichanga.

Suala la benchi halikurudi tena barazani. Kumwondoa kungelazimu mtu asimame aseme sababu, na sababu ilikuwa imeshachekwa mbele ya kanisa zima. Mzee Sosthenes anakaa pale pale, upande wa dirisha. Isipokuwa wazee wenzake sasa humwachia nafasi kubwa kila upande, kana kwamba ukweli unaambukiza kwa kugusana.

Wateja wake leo ni wapakia mbao. Wanaume wale tunaowaita wahuni wanamsubiri asubuhi kwenye viwanda, wananunua mtogwa waunywe kwa maandazi kabla ya kazi, na wakiona umeanza kupanda povu wanamrudishia.

Shemeji yake Mama Esnath naye ameingia kwenye biashara. Fundi Vitus alimfungia habu ile ya zamani huku akisema yeye hahusiki. Jua likiwa utosini, utasikia gurudumu likilia toka upande wa msitu, na utaona milango ya waumini ikifunguka mmoja baada ya mwingine. Wanatoka na vyombo vyao mikononi, na wanaita kile wanachokitaka kwa jina lake. Mwinjilisti Abrahamu bado hatoki mwenyewe, anamtuma mtu na chupa ya chai.